Mwambie fundi aweke koleo chini kwanza: plagi ya redio haikatwi

Kabla hujampigia kumwambia aje, soma hapa.

Swali lako nimelielewa. Una Corolla NZE121 ya 2004, redio ya kiwanda kutoka Japani inapoteza saa na stesheni kila ukizima gari, mara inanyamaza yenyewe, na stesheni zinazoshika ni za kuhesabu. Unataka kuweka ya Android yenye kamera ya nyuma, na unauliza skrini ya ukubwa gani na kama spika za zamani zitafaa. Halafu mwisho kabisa, kama jambo la kupita, umeandika kwamba fundi “atakata ile soketi ya zamani aunganishe rangi kwa rangi, kazi ya nusu saa”. Yakhe! Hilo ndilo la kuuliza. Mengine yote yanaweza kungoja.

Rangi za waya za Toyota na rangi za waya za redio za dukani hazina undugu wowote. Nyuma ya redio yako kuna plagi mbili. Kubwa ina pini 10, inabeba umeme na spika za mbele. Ndogo ina pini 6, hiyo ni ya spika za nyuma. Upande wa Toyota, moto wa kudumu wa betri ni buluu yenye mstari wa njano, moto wa ACC (unaokuja ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza) ni kijivu, waya wa bodi (negativu) ni kahawia, na kijani ni wa taa, ule unaowasha mwanga wa vitufe usiku. Spika ya mbele kushoto ni waridi na zambarau, mbele kulia kijani hafifu na buluu, nyuma kushoto nyeusi na njano, nyuma kulia nyekundu na nyeupe. Katika kila jozi wa kwanza ndio positivu.

Sasa tazama redio ya dukani. Njano ni betri. Nyekundu ni ACC. Nyeusi ni bodi. Kijani ni spika ya nyuma kushoto, zambarau ni spika ya nyuma kulia, nyeupe na kijivu ni spika za mbele, na wenye mstari mweusi ndio negativu ya kila spika.

Haya, unganisha rangi kwa rangi tuone. Njano ya redio, inayotaka betri, imeingia kwenye waya wa spika, kwa hiyo redio mpya haipati moto wa kudumu. Nyekundu, iliyotaka ACC, nayo iko kwenye spika, basi redio haiwaki kabisa mpaka fundi aipatie moto kwingine. Nyeusi iko kwenye spika pia, basi redio ikishawaka itajitafutia bodi kupitia chuma cha mabano na ganda la waya wa antena, na hapo ndipo unapata ule mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Kijivu na kijani ndizo wauaji. Kijivu ya redio ni spika, ya gari ni ACC, kwa hiyo ukigeuza ufunguo tu volti 12 zinaingia kwenye spika. Kijani nayo vivyo hivyo. Ya redio ni spika, ya gari ni taa. Redio ikiponea kijivu mchana, magharibi ukiwasha taa ndogo, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye mlango wa amplifaya. Hakuna moshi wala kelele. Skrini inaendelea kuwaka vizuri tu, lakini sauti haitoki tena maisha.

Fundi wa namna hiyo akiona redio haiwaki hatafuti mchoro. Anashika taa ya kupimia, anadunga waya mmoja baada ya mwingine mpaka apate penye moto, kisha anasokota njano na nyekundu pamoja hapo hapo. Akiangukia moto wa kudumu, asubuhi betri imelala. Akiangukia ACC, saa inapotea kila ukitoa ufunguo. Na ukimrudia anakwambia redio ni ya China, ungenunua nzuri. Nzuri ipi, kiongozi, iliyotengenezwa kuvumilia moto wa taa kwenye spika? Sitasema nimeyajuaje haya. Tuseme nyumbani kuna redio moja inayozuia mlango usibamizwe na upepo, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Hata fundi anayezijua rangi zote asikate. Plagi ikishakatwa, waya za gari zinabaki fupi ndani ya dashi, mkono hauingii, viungo vinafungwa kwa tepu. Kwa joto la hapa Mombasa gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, waya mbili zinakutana. Na kama gari linalala Nyali, Shanzu au popote karibu na bahari, fungua kiungo cha namna hiyo baada ya muda: shaba imekuwa ya kijani na ukiivuta inakatika kama uzi mbovu. Siku ukitaka kurudisha redio ya kiwanda au kuuza gari, huna pa kuchomeka.

Kinachotakiwa ni adapta ya waya ya Toyota, pini 10 na pini 6. Upande mmoja unaingia kwenye plagi za gari bila kukata chochote, upande wa pili unaunganishwa na waya za redio. Ni shilingi mia chache. Muuzaji akikwambia “hiyo haina haja, fundi atakata tu”, toka dukani. Viungo vyote vifanyiwe mezani, nje ya gari: sokota, lehemu kwa risasi, vika kimpira cha kubana kwa joto. Adapta nyingi huja na rangi zinazofanana na za redio, na hapo ndipo rangi kwa rangi inaruhusiwa. Ila za bei ya chini wakati mwingine pini zake zimebadilishana, kwa hiyo usiamini rangi, amini mita.

Pima kwenye plagi ya gari redio ikiwa nje. Ufunguo ukiwa umetolewa, buluu yenye mstari wa njano isome karibu volti 12.5 na kijivu isome sifuri. Weka ufunguo ACC, kijivu nayo ipande 12. Washa taa ndogo, kijani ipande. Kahawia kwenda negativu ya betri isome karibu omu sifuri. Kila jozi ya spika isome omu 3 hadi 4, na hakuna waya wa spika unaoruhusiwa kugusana na bodi, hata wa negativu. Kwenye redio hizi waya zote mbili za spika zina karibu volti 6 wakati inacheza, kwa hiyo ukifunga mmoja kwenye bodi umeunguza amplifaya. Wazee waliozoea redio za zamani walikuwa wakikusanya negativu za spika na kuzifunga kwenye bodi. Anayefanya hivyo mpaka leo asiguse gari lako.

Kama ameshakata, tafuta plagi zote mbili pamoja na mikia yake ya waya kutoka gari la kuchinjwa, ulehemu moja moja, na viungo vipishane visikae mahali pamoja. Waya wa spika usioujua, uguse sekunde moja kwa betri ndogo ya volti 1.5: koni ikiruka kwenda nje, waya uliogusa positivu ya betri ndio positivu ya spika.

Halafu, huenda hata redio si mbovu. Kupoteza saa maana yake moto wa kudumu haufiki. Fungua mlango: taa ya ndani inawaka? Kama nayo imekufa, tazama fyuzi iliyoandikwa DOME. Kama laita ya sigara haina moto, ni upande wa ACC, na mara nyingi kuna sarafu imeangukia humo ndani. Fyuzi mpya iwe na ampea zilezile za iliyotoka. Kunyamaza kwenye mashimo au gari likipata joto mara nyingi ni lehemu iliyopasuka pale plagi inapoingia kwenye redio, au waya wa bodi ulioshika kutu. Washa redio kwa sauti kubwa, pima kati ya chuma cha redio na negativu ya betri. Ikizidi volti 0.2, safisha bodi kwanza, pesa ya Android ikae mfukoni.

Kutoa redio ni rahisi: fremu inang'oka kwa klipu (zungushia bisibisi kitambaa), kisha bolti nne za namba 10. Plagi yoyote ya njano iliyoandikwa SRS ni ya airbag, usiiguse wala usiipime. Nafasi ya redio kwenye dashi ya Toyota ni milimita 200 kwa 100. Redio nyingi za dukani ni 178 kwa 100, hizo zitahitaji vipande vya kuziba pembeni.

Stesheni chache ni kwa sababu redio ya Japani inaanza megahezi 76 na kuishia 90, na sisi tuko 88 hadi 108. Ukibaki na ya kiwanda, weka kigeuzi cha mawimbi kwenye waya wa antena, nyekundu yake kwenye ACC, nyeusi kwenye bodi. Soma kimeandikwa kinapunguza ngapi kabla hujalipa. Cha 20 kitaishusha Baraka FM kutoka 95.5 hadi 75.5, nje ya redio yako. Cha 12 kitaileta 83.5, lakini Pwani FM ya 103.1 itaangukia 91.1, nayo huipati. Cha 14 kinaingiza zote mbili, 81.5 na 89.1.