Maswali Yenu: Kigari cha Mtoto na Zawadi Mkienda Disney ya Florida

Shule zinakaribia kufungwa na naona familia nyingi za kwetu zilizoko Marekani zinajiandaa na safari ya Orlando kwenye zile bustani nne za michezo za Disney, maana karibu nusu ya maswali ya mwezi huu ni Disney tu. Nimechagua sita. Wanangu nimeshawapeleka zaidi ya mara moja, kwa iyo mengine najibu kwa uchungu wa mfuko wangu mwenyewe.

Shangazi shikamoo. Tunatoka Columbus, Ohio, tunaenda siku nne na binti yetu wa miaka 5. Mi nataka tubebe kigari, mume wangu anasema ni aibu, mtoto mkubwa ivo, nyumbani anakimbia kutwa nzima hachoki. Nani yuko sahihi? (Mama Binti)

Marahaba mwanangu. Beba kigari, na mumeo mwambie Shangazi kasema.

Kule kwa siku moja mnaweza kutembea kilomita 10 na kupita, kwenye sakafu ya zege, na miezi ya Juni mpaka Agosti joto linafika nyuzi 33 huku hewa imejaa unyevu kama Dar mwezi wa pili. Hatua yako moja kwake ni mbili. Nyumbani anakimbia ndio, lakini nyumbani akichoka anajilaza kwenye kochi, kule atajilaza wapi?

Afu kuna jambo watu hawalioni mpaka yawakute, kigari na pesa ya zawadi ni kitu kimoja. Hebu angalia mzazi ananunua saa ngapi vitu ambavyo hakupanga. Asubuhi hanunui, asubuhi kila mtu ana akili yake. Ananunua saa kumi jioni mtoto amechoka analia, na ananunua tena usiku baada ya fataki, wakati pale bustani ya Magic Kingdom njia ya kutokea inapita katikati ya Main Street ambayo ni maduka mwanzo mwisho. Mwaka wetu wa kwanza tuliacha kigari hotelini, mwanangu mdogo alikuwa na miaka 5 hivo hivo, ilipofika saa kumi miguu imegoma, baba yake akamweka shingoni, akalia, tukamnunulia fimbo ya mapovu yenye taa anyamaze, dada yake naye akaona kwa nini yeye hapewi, tukanunua ya pili, afu masikio ya Minnie ya kuvaa kichwani, afu mdoli. Pesa ya zawadi ya siku tatu ikaishia siku moja, na kwa kweli watoto hawakuwa wanataka vile vitu, walikuwa wanataka kukaa chini. Mwaka uliofuata tulienda na kigari na sikununua hata robo ya vile.

Cha kukodi pale pale Disney kipo, ila ujue ni cha plastiki ngumu, mgongo haulali, hakimfai mtoto mchanga, na hakitoki nje ya geti. Maana yake usiku, binti kashalala, unakirudisha getini na kuanzia pale mpaka kwenye basi au gari ni mikono yenu. Mkikodi tunzeni risiti, maana siku hiyo hiyo mkihamia bustani nyingine ya Disney mnapewa kingine bila kulipa tena. Lakini kwa siku nne mi ningenunua kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kwenye duka la kawaida mjini, bei yake inakaribiana na kukodi siku mbili tatu na kinabaki chako. Na kuhusu aibu, akifika ataona watoto wa miaka 6 na 7 wamejaa kwenye vigari, hakuna anayemwangalia mtu.

Shangazi, nina mapacha wa mwaka mmoja na nusu na wa kwanza ana miaka 7. Tunaendesha gari kutoka Texas na kigari chetu cha watu wawili. Watakikubali? Na nikikiacha nje si wataiba? (Mama Mapacha)

Hongera na mapacha, Mungu akukuzie.

Chukua futi kamba leo hii upime. Tangu tarehe 1 Mei 2019 kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, upana pima kwenye magurudumu maana ndo pana zaidi. Vingi vya watu wawili wanaokaa bega kwa bega vinapita ila kwa kubanana sana. Vile vya kuvuta kama mkokoteni haviruhusiwi kabisa, hata kama dukani wameviita vigari vya watoto, utarudishwa getini.

Kwenye mabasi ya Disney lazima ukunje, na kukunja cha mapacha huku umeshika wawili na mifuko jamani ni kazi. Ila kwa Magic Kingdom maegesho yenyewe yako mbali na geti, unavuka kwa kivuko au monoreli (treni ya reli moja), na huko kote unaingia nacho kimefunguliwa. Mi nachagua kivuko, kina nafasi na watoto wanapigwa upepo.

Wizi si jambo la kila siku lakini usijaribu watu. Vigari vinaachwa sehemu yake nje ya kila mchezo, na wafanyakazi wanavisogeza ili vikae mstari, kwa iyo ukitoka usipokiona pale pale usianze kupiga kelele, angalia mistari ya pembeni. Funga kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye mpini, utakiona toka mbali kati ya mia mbili vyeusi vinavyofanana. Pasi za kusafiria, pesa, simu, dawa za mtoto, hivyo vyote mgongoni mwako. Na zawadi za bei usiziache kwenye kikapu cha chini. Halafu beba kile kifuniko cha plastiki cha mvua hata kama asubuhi jua linawaka, kiangazi Florida mvua inapiga mchana karibu kila siku, kubwa na ya ghafla, ukikiacha wazi unatoka mchezoni unakuta kiti kimelowa chapachapa.

Kwenye foleni nyingi kigari hakiingii, na hapo ndo mbeleko inakuwa mkombozi, mmoja mgongoni kwako mwingine kwa baba. Kuna michezo utaambiwa umshushe mtoto mgongoni umpakate, usibishane, ni usalama.

Huyu wa miaka 7 atataka michezo yenye kimo cha chini cha kuingilia, mfano Seven Dwarfs Mine Train ni sentimita 97 na Space Mountain ni 112, mpime kabla hamjaondoka asije akalia mlangoni. Mapacha hawaingii, ila mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kwamba mnataka kupokezana, wanaita Rider Switch, haina malipo. Mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mapacha, afu mnabadilishana bila kupanga ile foleni ndefu upya. Na mapacha wako hawalipi tiketi, chini ya miaka 3 ni bure. Kila bustani kati ya zile nne ina Baby Care Center, sehemu tulivu ya kunyonyesha na kubadilisha nepi, na mtoto aliyepotea anapelekwa huko huko, kwa iyo mkifika tu mjue iko wapi kabla ya kitu kingine.

Shangazi, nikimfunika mtoto na kanga kwenye kigari asipigwe na jua ni sawa? (Mama Mchanga, Houston)

Sio sawa mama, na hili nakuomba unisikilize. Kanga ikifunika mdomo wote wa kigari hewa haizunguki, ndani joto linapanda haraka kuliko nje na wewe humwoni mtoto. Tumia kile kibanda cha kigari chenyewe, kanga itundike upande mmoja tu unaopigwa na jua, upande mwingine uache wazi, mshike shingo kila baada ya dakika chache uone kama amechemka. Feni ndogo ya betri inasaidia. Maji ya baridi yenye barafu unapewa bure kwenye sehemu za chakula cha haraka, omba tu, usinunue chupa kila saa. Na saa saba mpaka saa kumi ingia ndani kwenye maonyesho yenye kiyoyozi.

Nina watoto watatu, kila duka wanataka kitu. Nikikataa wananiaibisha mbele za watu. Nifanyeje? (Baba wa Watatu, Minnesota)

Baba, maneno ya kukataa yaishie nyumbani kabla ya safari. Kila mtoto mnunulie kadi ya zawadi ya Disney uweke kiasi chako, mwambie hii ndo yako, ikiisha imeisha. Utashangaa, yule aliyekuwa anataka kila kitu akiona ni pesa yake anaanza kugeuza tiketi ya bei. Na mfundishe kwamba bei iliyoandikwa sio atakayolipa, kule Orlando kaunta inaongeza kodi ya asilimia 6.5, sio kama kwetu ambako kodi imo humo humo. Masikio tu ni dola 30 na kitu kwenda juu, kabla ya kodi.

Sheria yangu nyingine, siku ya kwanza hakuna kununua, ni kuangalia na kupiga picha ya kitu unachokitaka. Siku ya mwisho tunafungua picha tunachagua kimoja. Vingi wanakuwa wameshavisahau.

Afu wajaze mikono na vya bure maana vipo vingi na watoto wanavipenda kweli. Beji za kifuani za kuja mara ya kwanza au za siku ya kuzaliwa unaomba ofisi ya wageni, hazilipiwi. Bustani ya Epcot kuna maeneo ya nchi 11 yamezunguka ziwa, kwenye kila nchi kuna meza ya Kidcot wanapewa kadi ya nchi hiyo, na Morocco imo, mpaka wamalize kumi na moja siku imeisha hujatoa hata senti. Bustani ya wanyama, Animal Kingdom, wanapewa kitabu cha Wilderness Explorers, wanajibu maswali ya wanyama na mimea na kila wakimaliza wanabandikiwa stika ya beji, wangu wa kati mpaka leo analala nacho kile kitabu. Daftari la sahihi za wahusika wa katuni nunua mjini pamoja na kalamu nene, maana wale waliovaa mikono mikubwa kalamu nyembamba inawashinda. Na puto msiende nalo Animal Kingdom, hawaruhusu kwa ajili ya usalama wa wanyama.

Shangazi, tunapita Orlando afu wiki inayofuata tunaruka Dar. Ndugu wanajua tumeenda Disney, watu kama 20 wanasubiri zawadi. Nafia wapi? (Shemeji wa Wote)

Hufi popote mwanangu. Za watu 20 usinunue ndani ya bustani hata moja. Kule Orlando kuna maduka ya Disney Character Warehouse, moja liko kwenye Premium Outlets (maduka ya punguzo) ya Vineland na jingine ile ya International Drive, wanauza mabaki ya bidhaa halisi za bustani kwa bei iliyoshuka sana. Usiende na orodha ya kitu fulani, utakuta walichonacho siku hiyo, ila fulana na vikombe havikosi. Nenda siku ambayo huna tiketi ya bustani, nenda bila watoto ukiweza.

Kwa watoto wa shule kule nyumbani kuna zile mashine za kubana sarafu, unazungusha mpini senti inatoka bapa ina picha ya Mickey. Ni pesa ndogo sana, hazina uzito, kumi zinakaa kiganjani. Mi wapwa zangu nimewapelekea hizo kwenye bahasha, kila mmoja na picha yake tofauti, na wamezitunza kuliko midoli.

Vikombe vizungushie fulana katikati ya begi. Mipira ya kioo yenye maji na theluji ndani weka kwenye begi la chini ya ndege, la mkononi wanaruhusu ile midogo tu isiyozidi mpira wa tenisi, kubwa itabaki kwa askari wa uwanja. Na kigari chako usikihesabu kwenye kilo, mashirika mengi unakisukuma mpaka mlango wa ndege, wanakichukua hapo bila malipo.

Shangazi, mi ni mtu wa Lamu naishi Seattle. Nasikia humo ndani kuna kijiji cha Kiswahili, ni kweli ama ni porojo? (Mlamu)

Ni kweli ndugu yangu. Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 na sehemu yake ya Afrika ni kijiji kinachoitwa Harambe, waliochora walikuja kutazama Lamu yenu. Utaona kuta za chokaa, milango, vibao vya Kiswahili, duka linaitwa Mombasa Marketplace, vitafunio Tamu Tamu, na gari la kutazama wanyama la Kilimanjaro Safaris linaondokea hapo, kigari unakiacha nje. Kwenye hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge jengo moja ni Jambo House, lingine Kidani Village, na duka limeitwa Zawadi Marketplace.

Ushauri wangu, vinyago na shanga usinunue pale, hivyo utavipata kwenu kwa fundi mwenyewe. Ila wasimamishe watoto waliozaliwa huko Seattle mbele ya kila kibao, wasome kwa sauti, uwarekodi. Wangu walizoea kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni kwa mama, siku ile wakawa wanawatafsiria wazungu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni. Nenda asubuhi geti linapofunguliwa, kabla kijiji hakijajaa, mkaanze na Safaris wanyama wakiwa bado wanatembea.