Kahawa ya nyumbani: anza na kusaga, vyombo baadaye

Kama una fedha ya kununua kifaa kimoja tu cha kahawa, nunua mashine ndogo ya kusagia ya mkono. Birika la kioo, koni ya kuchujia na mengine yote yanaweza kusubiri. Nasema hivi kwa sababu naona watu wangu wa Tanga wanatumia fedha nyingi kwenye vyombo, kisha wanavitilia unga uliosagwa muda mrefu uliopita. Kahawa ikishasagwa, harufu yake huanza kutoweka saa hiyohiyo. Na sisi tunaishi na joto na unyevunyevu wa bahari mwaka mzima, kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini hupoteza ladha upesi kabisa. Nunua buni zilizokaangwa zikiwa nzima, uzitie kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, mbali na jua na jiko, usage zile unazokunywa sasa hivi.

Kinu na mchi vinafaa pia, ila vina tabia yake: vinakupa unga na chenga kwa pamoja. Unga hutoa ladha yake haraka, ukizidi ukaleta uchungu, huku chenga zikiwa bado hazijatoa chochote. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja. Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi: unga laini unataka muda mfupi majini, chenga zinataka muda mrefu. Kahawa ikiwa chungu kupita kiasi, saga iwe na chenga zaidi au punguza muda. Ikiwa na ukali wa uchachu na nyepesi mdomoni, saga laini zaidi au iache majini muda zaidi kidogo.

Dele la kwetu, lile birika la kuchemshia kahawa ya pwani, linakwenda kinyume na hesabu hiyo, na nalipenda hivyo. Unga wake ni laini na unachemka, kwa hiyo kahawa inatoka chungu, na huo uchungu ndio unaotafutwa. Ndiyo maana inanyweka kwa finjani ndogo, bila sukari, na kipande cha kashata au tende pembeni. Nyumbani naitengeneza hivi: lita moja ya maji naiinjika na tangawizi mbichi iliyopondwa na punje chache za iliki (iliki ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza, ina harufu ambayo sijaona sababu ya kutafuta nyingine). Maji yakishachemka vizuri natia vijiko vya chakula kumi hadi kumi na viwili vya kahawa, yaani kama gramu 60, nakoroga, napunguza moto. Ichemke taratibu kwa dakika chache, isifoke. Kisha naliepua dele na kuliweka kando ya makaa, palipo na joto tu, mashapo yashuke. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Ukimimina mapema, mgeni wako anatafuna unga. Na ukimimina, mimina polepole, wala usikung'ute tone la mwisho.

Kwa dele, mimi hutumia robusta ya Kagera, moja ya aina mbili kuu za kahawa; ya pili ni arabika. Ina uzito, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo haimezwi na tangawizi. Arabika ya Lushoto au Kilimanjaro ukiichemsha hivyo unaipotezea kilicho bora ndani yake, ule uchachu mwanana na harufu ya maua. Hiyo itafutie njia nyingine.

Njia yake ni karatasi ya kuchujia, inayowekwa ndani ya koni juu ya kikombe. Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alipata hataza ya chujio lake mwaka 1908 baada ya kuchoshwa na mashapo, na mpaka leo sijui njia safi zaidi ya hiyo. Kwa kikombe kimoja kikubwa, tia gramu 15 za kahawa iliyosagwa wastani kwa mililita 250 za maji. Lowanisha karatasi kwanza kwa maji moto na uyamwage, la sivyo utaonja karatasi. Mwagia maji kidogo tu juu ya kahawa, subiri nusu dakika. Kahawa mpya itafura na kutoa mapovu, ni gesi iliyobaki tangu kukaangwa. Isiyofura ni ya zamani. Kisha endelea kumimina kwa mzunguko, taratibu, yote iishe kuchuruzika kwa dakika tatu hivi. Faida nyingine ni kwamba karatasi inazuia mafuta ya kahawa yanayoweza kupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Mzee aliyeambiwa na daktari achunge lehemu, mchujie kwa karatasi, aachane na dele.

Kuhusu joto la maji, sisi wa pwani tuna jambo la kuzingatia. Hapa mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na kwa arabika hiyo ni kali kidogo. Epua, hesabu kama dakika moja, ndipo umimine. Lushoto mjini, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ndugu zetu wa huko wamimine moja kwa moja. Maji ya kisima yenye chumvi yanaiharibu kahawa yoyote, hata iwe ya bei gani. Tumia ya bomba au ya kununua.

Birika la kusukuma, lile la kioo lenye chujio la kushindilia chini kwa mkono, ndilo ninalompendekezea anayeanza. Saga chenga, tia kahawa na maji, funika dakika nne, sukuma polepole, mimina yote mara moja. Usiiache humo, itaendelea kuiva na kuwa chungu.

Birika la Kiitaliano la kuweka jikoni, lile lililotoka kwa mtengenezaji Bialetti mwaka 1933, linatoa kahawa nzito ya kuchanganya na maziwa. Jaza maji moto chini, yasivuke kivalvu, kile kitundu cha usalama cha pembeni; kahawa isishindiliwe; moto uwe mdogo. Likianza kukoroma, epua papo hapo. Kwenye jiko la mkaa ni shida kulituliza, kwa hiyo kama huna gesi usilinunue.

Na kwa miezi ya joto kali, Januari na Februari, tia chenga gramu 80 kwenye lita moja ya maji baridi, funika, weka kwenye friji usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Haina uchungu wala uchachu mwingi, na inakaa siku mbili tatu bila kuharibika.

Ukienda kununua buni, usiulize kwanza bei. Muulize muuzaji zilikaangwa lini, na uombe uzinuse. Akisita kukujibu, nenda kwa mwingine.