Uliza Fundi: Tairi Zinazoshika Barabara na Zisizopiga Kelele

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Nakaa Malindi, upande wa Barani, na nimejaaliwa kuagiza Toyota 86, ile gari ndogo ya michezo, kutoka Japani. Gari mashallah ni nzuri, roho yangu imetulia nayo, ila shida ni tairi. Kila wiki naenda Mombasa kikazi na nikishapita Gede tu nikaingia ile sehemu ya msitu wa Arabuko Sokoke mvumo unaanza chini ya viti, mke wangu akiwa ndani hatusikizani mpaka tupaze sauti. Kelele ningevumilia, lakini mvua za Mei nilishika breki karibu na daraja la Kilifi gari ikateleza ikaenda mbele yenyewe, alhamdulillahi hakukuwa na mtu. Ubavuni zimeandikwa 215/45R17 87Q na neno STUDLESS, tredi, ile sehemu inayogusa lami, bado imejaa. Kuna muuzaji ananambia nivishe 235 za mashindano ndio zitashika, mwengine ananambia za starehe ndio hazina kelele. Nimsikize nani? Nataka yote mawili.
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Wa alaikum salaam ndugu yangu. Kabla hujamsikiza muuzaji yeyote, hizo tairi zitoe, na sio mwezi ujao, wiki hii ukiweza. Neno STUDLESS Wajapani huandika kwenye tairi za theluji, zile zisizo na misumari. Raba yake imechanganywa ibaki laini kwenye barafu, na juu ya tredi imekatwa vijimstari vyembamba vingi sana ili ing'ang'anie barafu. Sasa wewe umeileta Malindi kwenye lami ya saa saba mchana, ile raba inalegea kama halua iliotoka jikoni sasa hivi, vile vipande vya tredi vinayumba kila ukikanyaga breki au ukikata kona, na huko kuyumba na kujipigapiga ndio sehemu kubwa ya huo mvumo unaousikia. Kwa hivo tredi kujaa isikudanganye. Hata hiyo herufi Q mwisho inakwambia tairi imepimwa kwa mwendo wa 160 kwa saa basi, wakati gari yako kiwandani ilivalishwa W ambayo ni 270. Simaanishi uende 270, namaanisha hiyo tairi haikukusudiwa gari hii katika joto hili.

Na hili nawaomba wote mnaoagiza gari Japani mlitazame pale pale bandarini, inamieni msome ubavu wa tairi, zikiwa STUDLESS au zina alama ya mlima na kitone cha theluji ndani yake, pangeni kabisa hesabu ya tairi mpya.

Sasa wale wauzaji wako wawili, kila mmoja ana nusu ya ukweli. Toyota walipotoa 86 mwaka 2012 waliivisha Michelin Primacy HP, tairi ya starehe kabisa, ambayo hata Prius iliwahi kuvalishwa, na walifanya makusudi gari iwe nyepesi kuchezeka kwenye kona. Ilipokuja GR86, toleo lililoifuata 86, mwaka 2021, zenye rimu za inchi 18 zikapewa Pilot Sport 4, ambayo ni tairi ya michezo ya barabarani. Kwa hivo tairi inayokufaa iko kati ya hizo mbili, huna haja ya mashindano hata kidogo. Tairi ya mashindano, zile zenye namba ya treadwear (kipimo cha tairi kuchelewa kulika) 200 kushuka chini, inataka ipashwe moto kwanza ndio ishike, njia zake za maji ni chache, ubavu mgumu, na kelele yake utaijutia kabla hujafika Matsangoni. Mvua ya masika ikikukuta nayo kwenye maji yaliyosimama, gari itapanda juu ya maji na usukani utakuwa mkononi lakini hauna kazi.

235, ambao ni upana wa tairi kwa milimita, pia achana nayo. Rimu yako ya asili ina upana wa inchi 7, na 235/45 inataka rimu kuanzia inchi 7 na nusu, ukiilazimisha ubavu unajikunja na tairi haikai sawa. Alafu tairi ikiwa pana zaidi inapanda juu ya maji mapema zaidi, na kwa kawaida inavuma zaidi, manake eneo linalogonga lami ni kubwa. Baki na 215.

Ningekuwa mimi ndio navalisha ile gari kwa safari zako, Malindi Mombasa na kurudi kila wiki, mke yuko ndani, ningetafuta tairi ya daraja la Michelin Primacy 4 au Continental PremiumContact 6. Zinashika vizuri kwenye maji na ni tulivu. Kama unapenda gari ijibu haraka kwenye kona basi Pilot Sport 4 au Goodyear Eagle F1 Asymmetric, utasikia mvumo kidogo zaidi lakini bado ni wa kuvumilika. Kama mke ndio mwenye neno la mwisho kuna Yokohama Advan dB, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya ukimya. Uliza Mombasa ipi ipo kwa saizi yako, usikubali kubadilishiwa saizi kwa sababu ndio iliyobaki dukani.

Kitu cha kutazama ni lebo ya Ulaya, ile iliobadilishwa Mei 2021, inaonyesha kushika kwenye maji kwa herufi A mpaka E, na kelele kwa desibeli. Tairi ikija bila karatasi yake ingia mtandaoni uandike jina na saizi utaiona. Kwa barabara yetu hii mimi nakwambia anza na herufi ya maji, usishuke chini ya B, alafu ndio utazame desibeli. Na hizo desibeli zijue, zinapimwa na kipaza sauti kilichowekwa kando ya barabara, gari ikipita na injini imezimwa, sio ndani ya gari, kwa hivo tofauti ya desibeli 1 isikupotezee usingizi, lakini tofauti ya 3 ni nishati ya sauti maradufu, hiyo ipe uzito. Namba ya treadwear nayo kila kiwanda hujipimia chenyewe, usiitumie kulinganisha kampuni hii na ile.

Kuna tairi siku hizi zimegundishwa sponji ndani, Continental wanaita ContiSilent, Michelin wanaita Acoustic, Pirelli wana yao. Ile sponji inameza mlio wa hewa ndani ya tairi na inafanya kazi kweli. Lakini wewe wapita njia zenye misumari na vifuu, na pancha yake lazima fundi akate kipande cha sponji kwanza asafishe ndio azibe kwa ndani. Kama fundi wako wa pancha kazi yake ni kuchoma ule uzi kwa nje na kukuachia uende, usinunue.

Nikupe na njia nyengine ambayo wengi hawaijui. 86 za bei ya chini zilitoka kiwandani na 205/55R16. Saizi hiyo imejaa kila mahali kwa sababu gari nyingi za kawaida zinaivaa, kwa hivo chaguo ni kubwa na bei ni nafuu, ubavu ni mrefu zaidi kwa hivo matuta na mashimo hayaumizi rimu, na kelele inapungua. Ukipata rimu za inchi 16 zenye nati 5 kwa 100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), zijaribu kwanza kama zinapita kwenye breki zako bila kugusa, zikipita, gari itapoteza ukali kidogo kwenye kona na utapata amani njia nzima. Mimi napenda sana mpango huu kwa mtu wa safari.

Ukishanunua, soma tarehe. Ubavuni baada ya herufi DOT kuna namba nne za mwisho, 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi iliyokaa nje ya duka juani miaka, hata kama haijawahi kuguswa na lami, raba yake imeshakauka, haishiki na inavuma. Jina kubwa lisilokuwa na tarehe nzuri mimi silitaki, bora jina la kati ambalo ni mpya. Na mitumba ya tairi kwa gari ya mwendo kama hii hapana, hujui iligonga nini huko ilikotoka na ubavu ukishakatika nyuzi ndani hauonekani kwa macho mpaka siku inapasuka.

Alafu fanya wili alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, siku hiyo hiyo, sio baadaye. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Gurudumu likikaa upande hata kidogo, tredi inalika kwa ngazi, ukipitisha mkono mbele ni laini ukirudisha nyuma inakwaruza, na ikishafika hapo tairi ya bei yoyote itavuma na hakuna cha kuirudisha. Upepo tia asubuhi kabla gari haijatembea, kipimo kiko kwenye stika ya mlango wa dereva. Tairi yenye neno OUTSIDE, neno hilo likae upande wa nje, mafundi wengine wanageuza na hawasemi. Na mwanzo mwanzo enda taratibu, raba mpya inakuwa na utelezi wa kiwandani mpaka juu ikwanguke kidogo.

Ukifanya yote haya na mvumo ukabaki, endesha barabara iliyo wazi ukiyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia. Sauti ikiongezeka upande mmoja na kupungua mwengine, tairi haina kosa, ni beringi.

SWALI: Salamu fundi. Mimi ni mwanamke wa Lamu, gari yangu ni Mazda Roadster, kisiwani kama ujuavyo haingii popote, naiacha Mokowe. Inaweza kukaa wiki hata mwezi, nikivuka na boti nikaichukua, nikianza safari inagonga du du du chini mpaka nikaribie Witu ndio inatulia. Fundi anasema tairi zimekufa zote nne. Ni kweli?
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Dada yangu, usinunue bado. Gari ikisimama mahali pamoja, sehemu ya tairi iliyolalia chini inakuwa bapa, na kadiri upepo ulivyo mdogo ndivyo inavyozidi. Ukiendesha tairi ikapata moto inarudi mviringo, ndio maana Witu inatulia. Ingekuwa imekufa isingetulia. Kabla ya kuiacha ongeza upepo kidogo juu ya kipimo, kisha ukirudi upunguze ufike kwenye stika kabla ya safari, na kama kuna mtu unayemuamini pale mwachie ufunguo aisogeze hatua chache kila wiki. Iegeshe kivulini, au funika magurudumu kwa turubai, jua ndilo linaloua tairi zilizosimama kuliko hata barabara.

Ila tazama mambo mawili. Kunja ubavu kwa kidole uone kama kuna nyufa, na usome tarehe kama nilivyoeleza juu. Zikiwa na nyufa za kuonekana, hapo fundi wako amesema kweli. La pili, ikiwa kila ukirudi moja imeshuka upepo na hakuna pancha, mwambie aitoe tairi atazame ukingo wa rimu, chumvi ya pwani inakula alumini pale tairi inapokaa na upepo unapenya pole pole. Inasafishwa na kupakwa, huna haja ya rimu mpya.

SWALI: Fundi, nina Impreza na pesa yangu inatosha tairi mbili mpya tu. Niweke mbele au nyuma?
*Msomaji, Watamu*

JIBU: Gari ya kawaida ningekwambia nyuma, hata kama inavuta kwa mbele, kwa sababu mbele ikiteleza kwenye maji bado utaachia mafuta na itarudi, nyuma ikikutoka gari inageuka. Lakini kama Impreza yako inavuta kwa magurudumu yote manne, hesabu ni nyengine. Subaru wanataka mzunguko wa tairi zote nne usipitane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 1 tu ya tredi. Mbili mpya na mbili zilizolika zitafanya difrensha ya kati ifanye kazi muda wote mpaka iungue, na bei yake itazidi zile tairi mbili ulizoziahirisha. Pima tredi ya zilizobaki, zikiwa zimepungua zaidi ya hapo subiri uwe na pesa ya nne, na mpaka siku hiyo mvua ikinyesha punguza mwendo.