Muulize Fundi: "Nikirudia nguo watasema nimefulia"

Shikamoo Fundi. Nina miaka 29, nafanya kazi ofisi moja hapa Dodoma. Kwetu kila Jumatatu ni kama maonyesho: mkoba gani, kiatu gani, mshono umetoka wapi. Mwezi wa tatu nilikopa kwenye kikoba nikanunua mkoba wenye herufi za dhahabu ubavuni. Siku ya pili tu mwenzangu akaufungua mbele ya watu, akapapasa bitana, akasema, "Mh, kopi hii." Watu wakacheka, nami nikacheka, ila jioni nililia kwenye daladala. Kabati limejaa na bado kila asubuhi sina cha kuvaa. Natamani niwe na mtindo wangu usiopitwa na wakati, lakini sijui pa kuanzia. Na nikirudia nguo watasema nimefulia. Nifanyeje?
Binti yako, Dodoma

Marahaba mwanangu, na pole kwa ile safari ya daladala. Mwenzako hana adabu, lakini kuna jambo moja amelifanya kifundi: ameangalia ndani. Nguo yoyote ikifika mezani kwangu naigeuza kwanza. Nje kila mtu anapendeza.

Hilo neno "kopi" lisikunyime usingizi. Kitenge cha waksi cha Kiholanzi, ambacho mama zetu hukifungia sandukuni, chenyewe kilianza kwa kuiga. Vlisco, kampuni inayokitengeneza, wapo Helmond, Uholanzi, tangu 1846. Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za Java wakitaka kuwauzia Wajava wenyewe; soko lililowakubali hasa likaja kuwa Afrika Magharibi. Leo na wao wanaigwa, hadi maandishi ya pembeni ya kitambaa. Ndiyo maana mimi sisomi pembeni. Nageuza nione kama rangi imepita hadi upande wa pili, nakikunja ngumini nikiachie, kisha nakiloweka usiku kucha kabla mkasi haujakigusa. Pamba ikitaka kusinyaa, isinyae kwenye beseni, si kwenye kiuno cha mteja.

Sasa swali lako. Nilianza kushona Ilala mwaka 1988, kwa cherehani ya miguu. Miaka ile kila blauzi ilitaka sponji begani. Nimeshona sponji mpaka nikaota sponji. Katikati ya hayo yote alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuja kila Januari na kitambaa kimoja na maneno yale yale: "Kama la mwaka jana." Gauni la kola ndogo, mkono wa kufika chini kidogo ya kiwiko ili chaki isiuchafue, mfuko mmoja kulia wa funguo. Sponji hakutaka kuzisikia. Miaka kama kumi na mitano alibadilisha kitambaa tu. Mimi kijana, nilimwona mshamba. Baadaye nikaanza kugundua kwamba wateja wangu wengine walikuwa wakija kuniuliza, "Lile gauni la mwalimu unashona kwa bei gani?" Hakuna aliyewahi kuniulizia mwenye sponji.

Yule mama alijua mambo mawili tu: mwili wake na kazi yake. Wewe pia unayajua, ila unayatafuta kabatini, na kabati limejaa vitu ulivyonunua kwa ajili ya macho ya watu. Acha kabati. Angalia kamba ya kuanikia. Kwa mwezi mmoja usinunue kitu, ila kila ukifua tazama kilichopo pale. Nguo inayorudi kambani kila wiki ndiyo uliyoichagua mwenyewe, hata kama hujawahi kupiga nayo picha.

Ichukue hiyo, nenda nayo kwa fundi. Usiende na picha ya simu. Yule dada wa pichani ana bega lake na wewe una lako, na gauni huning'inia begani. Mshono wa bega ukianguka hata nusu inchi mkononi, gauni la laki mbili litaonekana la kuazima. Mwambie fundi aipime ile nguo bila kuifumua, akushonee ya pili kwa kitambaa kizuri zaidi, na aache inchi moja ndani kila ubavu. Miaka 29 si 39, mwanangu, utaihitaji. Fundi akinuna, tafuta mwingine.

Sare za sherehe najua huwezi kuzikwepa. Basi shonesha sketi na blauzi mbali mbali badala ya gauni zima. Sherehe ikiisha, sketi inaenda ofisini na blauzi nyeupe.

Kuhusu kufulia, watasema kweli, wiki mbili tatu hivi, halafu atatokea mwingine na mkoba mpya nao watahamia huko. Bibi zetu walivaa kanga yenye pindo, mji na jina, na ya leo ina vile vile, wala sijasikia mtu akiambiwa amerudia kanga.

Ule mkoba usiutupe. Kama zipu yake ni nzima, bandua zile herufi kwa wembe taratibu, ubebee chakula cha mchana. Na ulipe kwanza deni la kikoba ndipo uende kwa fundi. Nasema hivyo na huku mwenyewe nina vitambaa vya watu humu ndani, wameniachia advansi tangu Pasaka.