Maswali yenu: kemia na baiolojia za Kolkata, na supu ya kongoro

Juzi niligusia kidogo habari za Chuo Kikuu cha Calcutta (jina la zamani la jiji la Kolkata, India), pale nilipofanyia masters yangu ya kemia ya mimea, na maswali yakawa mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua sita. Mengine yatasubiri.

Mwalimu shikamoo. Mimi India naijua kwa kompyuta na hospitali tu, hao wakemia walitokea wapi? (Mwanafunzi wa form six, Tabora)

Marahaba mwanangu. Anza na jina moja, Prafulla Chandra Ray. Kazaliwa 1861 kwenye kijiji ambacho leo kiko Bangladesh, akaenda kusoma Edinburgh, akapata udaktari wa sayansi 1887, akarudi na 1889 akaanza kufundisha Presidency College pale Calcutta. Mwaka 1896 akachapisha kazi yake ya nitraiti ya zebaki, hiyo ndiyo iliyomtangaza duniani. Ila mimi ninayempendea ni mambo ya mifupa. Alitaka kutengeneza dawa na kemikali hapohapo nyumbani badala ya kununua kila kitu Uingereza, sasa fosfeti inapatikana kwenye mifupa, basi akawa ananunua mifupa ya ng'ombe kwa wachinjaji anaianika juu ya paa la nyumba yake, kunguru wakajaa, harufu ikatembea, majirani wakaja juu. Hakuacha, alihamishia kazi sehemu nyingine, na kampuni iliyotokana na hizo hangaika, Bengal Chemicals, ipo mpaka leo. Mwaka 1916 akahamia College of Science ya chuo kikuu, na alipofika miaka 60 mshahara wake wote akauacha kwa chuo, yeye akaendelea kuishi kwenye chumba kimoja mlemle chuoni mpaka alipofariki 1944. Wanafunzi wake ndio walioenda kufungua idara za kemia sehemu mbalimbali za India, kwahiyo ukiuliza walitokea wapi, wengi wametokea kwenye mikono yake.

Kuna haya maua ya pinki na meupe tunapanda uani na makaburini, nimesikia ndio dawa ya kansa na aliyegundua ni mama mmoja wa India. Ni kweli? (Dada wa Morogoro)

Nusu kweli dada yangu, na hiyo nusu nyingine tuiweke sawa maana watu wanachuma majani wanachemsha, na hiyo ni hatari.

Huyo mama ni Asima Chatterjee. 1944 Chuo Kikuu cha Calcutta kikampa udaktari wa sayansi, mwanamke wa kwanza kuupata kutoka chuo cha India. Miaka na miaka alifanya kazi kwenye alkaloidi, yaani kemikali kali zenye nitrojeni zinazotengenezwa na mimea, hayo maua yenu yakiwemo. Lakini dawa zenyewe za kansa zinazotokana na mmea huo, vinblastini na vinkristini, zilitolewa Kanada na Marekani kwenye miaka ya 1950 na 1960, na mmea wenyewe asili yake ni Madagaska, jirani zetu kabisa. Kwahiyo tusimpe mama Chatterjee sifa isiyo yake, alizonazo zinamtosha: alitengeneza dawa ya kifafa kutokana na mmea wa majini wenye vijani vinne vinne unaoota hata kwenye majaruba ya mpunga, na akashughulika pia na dawa za malaria.

Sasa kwanini usichemshe. Kwenye maabara tulikuwa tunaanika majani kivulini, tunasaga, tunaloweka kwenye metanoli siku kadhaa, tunachuja, halafu ile chupa ya duara inazungushwa kwenye maji ya uvuguvugu metanoli ivukie yote. Kinachobaki ni uji mzito wa kijani cheusi unanata kama asali ya miwa, na ndani ya huo uji kuna makumi ya vitu tofauti. Unadondosha tone kwenye kibao cha silika, unakisimamisha kwenye dawa ya kusafirishia, vitu vinapanda kila kimoja na mwendo wake, ukimulika kwa taa ya urujuanimno (UV) unaona vidoa vimepangana kama ngazi. Doa moja linaweza kuwa dawa, la juu yake sumu ya moyo au ya mishipa ya fahamu. Na hiyo vinkristini ni kidogo mno, majani makavu mamia ya kilo ndio upate gramu moja. Sufuria yako ya jikoni haina namna ya kuchagua doa, dada. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Kipindupindu kinatusumbua kila masika. Hao watafiti wa India walisaidia nini hasa? (Kaka wa Manzese, Dar es Salaam)

Asante kaka, hili swali nililisubiri kwa hamu.

Robert Koch, mtafiti wa bakteria kutoka Ujerumani, alifika Calcutta mwishoni mwa 1883, na 1884 akathibitisha bakteria wa kipindupindu. Ikapita miaka sabini na tano hakuna anayeweza kueleza vizuri huyo bakteria anauaje, maana haingii kwenye damu, hatoboi utumbo, yupo tu kwenye utumbo na mtu anakauka maji anakufa ndani ya masaa. Wengi waliamini sumu imo ndani ya mwili wa bakteria, inatoka akifa.

Daktari mmoja wa patholojia Calcutta, Sambhu Nath De, akauliza swali lingine: je, sumu anaimwaga nje akiwa hai? Na alichotumia ni sungura, uzi, na chujio. Sungura anapigwa nusu kaputi, anapasuliwa tumbo, kipande cha utumbo mwembamba kinafungwa kwa uzi huku na huku kama unavyofunga soseji, bila kukikata damu iendelee kupita. Ndani ya kipande unachoma sindano. Unamshona, unasubiri mpaka kesho. Kipande chenye mchuzi mtupu, yaani maji ya kuoteshea bakteria yasiyo na bakteria, unakikuta kimelala, bapa. Kipande chenye kipindupindu kimevimba kama puto, kimejaa maji meupe meupe kama maji ya kuoshea mchele, yaani yaleyale mnayoyaona kwenye ndoo ya mgonjwa. Njia hiyo aliitangaza 1953. Halafu akaja na jambo kubwa zaidi, akauchuja ule mchuzi walimooteshwa bakteria, akawatoa bakteria wote, akachoma maji yaliyochujwa peke yake, na kipande kikavimba vilevile. Maana yake sumu imeshatoka nje. Hiyo ilichapishwa 1959, kurasa chache tu.

Baada ya hapo wengine wakaisafisha sumu, ikajulikana kwamba inawasha swichi ndani ya seli za utumbo halafu haizimiki, seli zinamwaga chumvi na maji bila kusimama. Ukishajua hivyo unajua pia kwamba utumbo haujaharibika, mlango wa kutoa ndio umekwama wazi, mlango wa kuingiza bado unafanya kazi. Na hapo ndipo maji ya chumvi na sukari yanapopata maelezo yake.

Kinachoniuma ni kwamba De hakupata heshima aliyostahili kwao. Joshua Lederberg, mshindi wa Nobel, alimpendekeza apewe hiyo tuzo, hakupewa. Amefariki 1985. Kila nikiona paketi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, duka la dawa namkumbuka huyu mzee na uzi wake.

Kwenye ORS kwanini lazima sukari, si chumvi tu ndio inapotea? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Kwa sababu huo mlango wa kuingiza unafunguka vizuri pale sukari na chumvi zinapoingia pamoja, na maji yanazifuata. Chumvi peke yake haipiti vya kutosha. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, kambi ya wakimbizi ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu akawapa ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe haya maji, na vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa mia mpaka chini ya 4. Nyumbani mama, kama paketi hakuna: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na mlima. Usizidishe chumvi kwa mtoto. Na wakati unamnywesha, mnaelekea kituo cha afya.

Nje ya Kolkata kuna la maana? (Msomaji wa Bujumbura)

Lipo jingi, nitoe moja la Chuo Kikuu cha Madras. Ukipika supu ya kongoro ukaiacha ilale, asubuhi imeganda inatikisika. Hiyo ni kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa. G. N. Ramachandran na mwenzake Gopinath Kartha katikati ya miaka ya 1950 ndio walioonyesha kwamba imesukwa nyuzi tatu zinazozungukana kama kamba ya usumba, na kwenye kila uzi kila kiungo cha tatu lazima kiwe kile kidogo kuliko vyote, glisini, kwasababu katikati ya kamba hakuna nafasi ya kikubwa. Ukichemsha muda mrefu nyuzi zinaachiana, zikipoa zinashikana ovyo na maji yanabaki katikati, ndio ile supu iliyoganda. Mwaka 1963 Ramachandran na wenzake wakachora ramani ya mikunjo ambayo protini inaweza kukaa bila atomu kugongana, na mpaka leo mtu akitengeneza mfano wa protini anaukagua kwa ramani hiyo.

Nina digrii ya baiolojia, nataka PhD India. Naanzia wapi? (Kijana wa Kisumu)

Skolashipu za serikali ya India zinapitia ICCR, baraza la serikali yao la mahusiano ya kitamaduni, fuatilia ubalozi wao wa nchini kwako, na usisubiri wiki ya mwisho maana vyeti na pasipoti vinachukua muda. PhD kwao ni miaka mitatu kwa uchache na mwanzoni unakaa darasani kwanza, usishangae. Wengine wameniuliza kuhusu tawi la IIT Madras (Taasisi ya Teknolojia ya India) pale Zanzibar lililofunguliwa 2023, ni chuo kizuri, ila limeanza na masomo ya data na akili bandia, kwahiyo kwa baiolojia ya maabara bado utalazimika kuvuka bahari.

Muhimu kuliko yote, tafuta profesa kabla ya kutafuta chuo. Soma paper yake moja mpaka uielewe, alafu mwandikie imeili fupi, umwambie umeona nini kwenye kazi yake na una swali gani, na swali lako litoke kwenu, kwenye ziwa lenu, samaki wenu, homa zenu. Mimi profesa wangu alinijibu siku ya tatu, na hakuniuliza maksi, aliniuliza ule mti niliomwandikia unaota wapi na nani anautumia kwa ugonjwa gani.