Namba za NIDA kuishia sifuri

Kaka wa Mbozi, unauliza kwa nini namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za wakulima wa kahawa chamani kwenu zinatokea 1.98503E+19, na ukizipanua zinaishia sifuri tupu. Safu ya namba hizo kwenye hifadhidata (database) umeiweka DOUBLE, aina ya namba zenye desimali. Hiyo hushika nambari nzima bila kukosea hadi 9,007,199,254,740,992 tu, tarakimu 16. NIDA ina 20. Hata BIGINT, aina ya nambari nzima kubwa, haifiki, inakomea tarakimu 19.

Weka VARCHAR(20), yaani maandishi yasiyozidi herufi 20. Namba ya NIDA hatuijumlishi wala hatuigawanyi, basi ni maandishi kama jina la mtu. (Namba za simu vilevile, ile 0 ya mwanzo isije ikaliwa.) Kilo za kahawa ziwe DECIMAL, aina inayotunza desimali bila kukosea.

Zilizokwisha kuharibika hazirudi kwa kubadili aina ya safu. Pole, itabidi mfukue fomu za karatasi.