Unaanza kusoma vita vya uhuru vya Kuba? Tangulia na ramani na miwa

Wengi wanaoingia kwenye somo hili huanza na majina: Céspedes, Martí, Maceo, Gómez. Daftari linajaa, lakini ukiulizwa kwa nini vita vya kwanza dhidi ya Hispania vilidumu miaka 10 na bado vikashindwa, huna la kusema. Jibu liko kwenye ramani, basi ianze hiyo.

Chora kisiwa kirefu, kimelala mashariki kwa magharibi. Upande wa magharibi, Havana na Matanzas, andika viwanda vikubwa vya sukari na watumwa wengi. Mashariki, Bayamo na Santiago, andika ng'ombe, kahawa, mashamba madogo ya miwa na watumwa wachache zaidi. Kisha piga mstari katikati, kutoka Júcaro pwani ya kusini hadi Morón kaskazini, kama kilomita 70. Huo ndio trocha, safu ya ngome na vizuizi ambayo Wahispania waliijenga ili vita vibaki mashariki, sukari ikiendelea kusagwa magharibi.

Tarehe 10 Oktoba 1868, Carlos Manuel de Céspedes aliwaachia huru watumwa wa shamba lake, La Demajagua, akawaita vitani. Hapa usiharakishe kuandika kwamba waasi walifuta utumwa. Desemba ya mwaka huohuo Céspedes alitoa amri yenye tahadhari nyingi, maana hakutaka kuwatisha matajiri wa magharibi. Katiba ya waasi, iliyopitishwa Guáimaro Aprili 1869, ikasema wakazi wote ni huru, lakini miezi michache baadaye kanuni nyingine ikawabana walioachiwa waendelee kufanya kazi. Mapatano ya Zanjón ya Februari 1878, yaliyomaliza vita hivyo, yaliwapa uhuru watumwa na vibarua wa Kichina waliokuwa kwenye safu za waasi tu. Ndiyo maana Antonio Maceo, jenerali wa waasi, aliyakataa kule Baraguá mwezi uliofuata: hayakuwa na uhuru wa nchi wala mwisho wa utumwa. Utumwa wenyewe ulikoma 1886. Kosa la kuandika 1878 ni la kawaida mno.

Kati ya 1879 na 1880 kulikuwa na vita vifupi. Mistari miwili inatosha.

Vita vya 1895 visome na kalenda mkononi. Vilianza 24 Februari, na José Martí, aliyeviandaa kutoka uhamishoni, aliuawa Dos Ríos tarehe 19 Mei. Maceo na Máximo Gómez, jenerali wa waasi mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, waliondoka mashariki Oktoba, mvua zikikatika, na Maceo akafika Mantua, karibu na ncha ya magharibi, 22 Januari 1896. Huo ni wakati wa kiangazi na wa mavuno, miwa iko tayari kushika moto. Gómez aliamuru mashamba yachomwe, kwa hesabu kwamba koloni lisiloingiza fedha halina faida kwa Hispania. Sukari iliyokuwa imefikia tani milioni 1 hivi kwa mwaka ilishuka 1896 hadi karibu robo yake. Mvua ziliporudi, homa ya manjano iliwaandama askari waliotoka Ulaya. Kwa hiyo ukihesabu Wahispania waliokufa, tenga waliouawa vitani na waliokufa kwa maradhi. Kundi la pili ni kubwa kwa mbali.

Jenerali wa Hispania, Valeriano Weyler, aliwasili Februari 1896. Amri yake ya Oktoba kwa mkoa wa Pinar del Río iliwapa watu wa vijijini siku 8 kuhamia miji yenye ngome. Wanafunzi huandika "aliwaua" kana kwamba walipigwa risasi. Waliuawa na njaa na magonjwa, kwa kuwa walitolewa kwenye mashamba yao na miji haikuwa na chakula cha kuwatosha. Idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia takribani 100,000 hadi 400,000. Taja masafa hayo, usichague namba inayokupendeza. Anayejua vijiji vya dharura vya Kenya miaka ya 1950 ataona haraka lengo la kijeshi: kumtenga mpiganaji na anayemlisha.

Jina "Vita vya Hispania na Marekani" lina mtego, maana linawafuta Wakuba. Manowari ya Marekani, Maine, ililipuka Havana 15 Februari 1898, wakati vita vina miaka 3 na Hispania imechoka; ndipo Marekani ikajiingiza. Wanajeshi wa Calixto García, jenerali Mkuba, walisaidia Wamarekani kutua na kuuzingira mji wa Santiago, kisha wakazuiwa kuingia ulipojisalimisha. Mkataba wa Paris wa 10 Desemba, kati ya Hispania na Marekani, ulitiwa saini bila Mkuba hata mmoja mezani.

Kwa swali la "Kuba ilipata uhuru lini?", andika 20 Mei 1902, kisha ongeza kifungu cha Platt, sharti la Marekani lililowekwa kwenye katiba ya Kuba. Bunge la katiba lilikikubali Juni 1901 kwa kura 16 dhidi ya 11, majeshi ya Marekani yakiwa bado kisiwani. Kiliipa Marekani haki ya kuingilia kati na kupata vituo vya manowari. Kifungu kilifutwa 1934. Kituo cha Guantánamo kikabaki.